Maji Yalichafuka, au Yalichafuliwa?

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana uhakiki ukianza kwa kuwasema wengine hauwi wa haki.

Mwaka jana, kwenye semina yetu ya uandishi, pale chini ya turubai la maktaba, niliwaambia vijana: msirudie neno moja mara kumi. Kama umeshaandika "vita", tafuta kisawe chake. Kiswahili ni tajiri, nikasema, tena kwa sauti ya mwalimu. Nikawaonyesha hata ile Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, nakala yetu moja ambayo jalada lake linashikiliwa na plasta. Vijana wakatii. Kumbe heri wangenikatalia.

Mwezi huu nimesoma insha zote zilizoletwa kwa ajili ya toleo hili. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko safi, kwenye karatasi zilizochanwa katikati ya daftari za shule, na nyingine zimenikosesha usingizi. Lakini ziko ambazo ukifuta jina la mwandishi pale juu, huwezi kujua ni ya nani, wala inahusu nchi gani, wala mwaka gani. Zote zinaanza mambo yakiwa shwari. Halafu "hali ikawa tete". Aya inayofuata, "vurugu zikazuka". Kisha, "kufuatia machafuko hayo". Kisha, "ghasia zilipopamba moto". Mwishoni, "katika sintofahamu hiyo". Ukigeuza ukurasa, mwandishi yuko ndani ya lori au ndani ya mtumbwi, anakuja huku.

Nilimwita mmoja wa waandishi hao, kijana ninayemheshimu. Nikamwekea kidole kwenye mstari. "Hapa kwenye sintofahamu, ni nini kilitokea?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Pale ndipo walipomchukua kaka."

Basi. Kaka alikuwa ndani ya neno lile, na mimi msomaji nilikuwa nimepita juu yake bila kumwona. Tena nilikuwa nimeweka alama ya vema pembeni, kwa sababu kijana hakurudia neno.

Ndiyo maana leo sihakiki mwandishi mmoja. Nahakiki maneno yenyewe, haya tunayoyaazima kila tukitaka kusema kwamba mambo yaliharibika. Tunayaita visawe. Mimi nadhani ni majirani tu, na kila mmoja ana nyumba yake.

Tuwatembelee. Fujo ina kelele: mtoto anafanya fujo darasani, mlevi anafanya fujo kwenye pombe. Rabsha ni ya watu wachache, ina ngumi, na mara nyingi inaisha kabla ya jioni. Zogo lina mdomo kuliko mkono. Ghasia ni ndugu yake kughasi, yaani kusumbua. Ndani yake mna umati, mawe, matairi yanayoungua. Taharuki haikai barabarani, inakaa kifuani. Kijiji kizima kinaweza kuwa na taharuki na njia zikawa tupu kabisa. Mtafaruku ni wa watu waliokuwa pamoja wakaachana, ni jamaa wa mfarakano. Kamati ya maji inaweza kuingia kwenye mtafaruku bila mtu kuinua fimbo. Mkanganyiko uko kichwani. Msukosuko unatoka kwenye kusukasuka, kama kibuyu cha maziwa, ambapo kilichomo ndani hakina amri juu ya mkono unaokitikisa.

Sintofahamu ni neno la redio na magazeti, nalo limependwa sana miaka hii. Lisikilize vizuri: ndani yake kuna mtu anasema hatafahamu. Linafaa pale foleni ya mgao imesimama tangu asubuhi na hakuna anayejua kwa nini. Lakini usiku ule wa kaka, kila mtu kijijini alifahamu. Walifahamu nani amekuja, amekuja na nini, na anamtaka nani.

Na sisi Wakongomani tuna la kwetu la redioni: "usalama mdogo". Warundi na Wanyarwanda wanalo vilevile, wanasema umutekano muke. Mimi nimelisema tangu utoto bila kulifikiria, mpaka siku moja mfanyakazi wa shirika, Mtanzania mcheshi, akaniuliza: "Mdogo kiasi gani, kama chumvi kwenye mboga?" Nilicheka. Nilipofika nyumbani nilikuwa sicheki tena. Tunasema usalama mdogo juu ya mahali ambapo usalama haukuwapo hata wa kupima kwa kijiko.

Sasa liangalie kundi kubwa kuliko yote, maneno ya maji. Vurugu inatoka kwenye kuvuruga, kazi ya mwiko ndani ya sufuria au mguu ndani ya dimbwi. Machafuko yanatoka kwenye kuchafuka. Maji yakikorogwa mpaka tope la chini likapanda juu, tunasema yametibuka. Hata shwari ni neno la bahari iliyotulia. Yaani waliotuachia lugha hii, walipotaka kusema juu ya nchi iliyoharibika, waliyatazama maji. Si picha mbaya. Aliyewahi kuteka maji kijitoni baada ya ng'ombe kupita anaijua: maji ni yaleyale ya jana, ila chini huoni.

Lakini maji hayo yana sarufi. Tibua, tibuka. Chafua, chafuka. Tofauti ni herufi moja tu, ile k, na mtu mzima anaweza kujificha nyuma yake. "Waliyatibua maji": hapo kuna watu. "Maji yalitibuka": hapo hakuna mtu, maji yamejifanya yenyewe. Ukisema "machafuko" ndiyo umefunga mlango kabisa, kwa sababu jina la namna hiyo halikulazimishi kumtaja mtenda. Na kitenzi tunachopenda kukiweka karibu yake ni kuzuka. Machafuko huzuka, kama uyoga baada ya mvua. Nani amewahi kumshitaki aliyepanda uyoga?

Naijua k hiyo vizuri kwa sababu iliwahi kunishinda.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani, kazi ya kulipwa kwa siku, katika ofisi fulani ambako wakimbizi huhojiwa. Mimi nimezaliwa Kabambare, Maniema, nchi ya msitu na mito. Ziwa Tanganyika niliona mara ya kwanza nikiwa nalikimbilia. Mbele yangu alikaa mama mmoja kutoka vijiji vya ufukoni, upande wa Fizi, mke wa mvuvi. Akaulizwa kwa nini, baada ya kutoka kijijini, alikaa ufukoni siku tatu ndipo akavuka. Akajibu kwa Kiswahili cha kwetu:

"Ziwa ilichafuka, papa. Ilichafuka sana. Tukabakia pale siku tatu."

Na mimi, kwa Kiingereza changu cha kujifunzia kambini, nikasema kwamba maji ya ziwa yalikuwa machafu.

Mhojaji hakuwa mtu mbaya. Aliandika. Kisha akauliza swali ambalo, kwa jinsi alivyosikia, lilikuwa la haki kabisa: kama watu wenye silaha walikuwa nyuma yenu, uchafu wa maji uliwazuiaje? Mama alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Akasema tena, "Ilichafuka," na mkono wake ukaonyesha: kiganja kikapanda, kikashuka, kikapanda. Nikautazama mkono ule na sikuelewa unachosema. Nikamwambia mhojaji: machafu sana.

Jioni ya kesho yake nilimsikia mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kule Baraka akiwasimulia wajukuu jinsi alivyopoteza nyavu zake. Ziwa lilichafuka, akasema, mawimbi yakapita juu ya mtumbwi. Nilisimama palepale na ndoo yangu ya maji mkononi. Wasomaji wa Mombasa au Bagamoyo watanicheka. Kwao "bahari imechafuka" ni habari ya kila siku. Kwangu mimi, mtu wa msituni, kilichokuwa kinachafuka ni shati.

Asubuhi nilirudi ofisini nikaomba iandikwe kwamba kosa ni la mkalimani. Iliandikwa. Mama yule akapewa mkalimani mwingine, na ndivyo ilivyostahili. Tulikutana miezi mingi baadaye, kwenye bomba. Nikamweleza yote. Akaniambia, "Papa, nilijua. Niliona uso yako." Akajitwika ndoo yake akaenda.

Jambo lililonichoma zaidi nililielewa baadaye. Katika jibu lile mama alikuwa sahihi kuitumia k. Ziwa hakuna aliyelichafua. Ni upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini, juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, na wimbi halina jina la mtu. Lakini alipoulizwa juu ya kijiji chake, hakusema kilichafuka. Alisema waliokuja, walivyovaa, walichomfanyia mume wake, na mkono upi walianza nao. Kwa upepo alisema kama upepo, kwa watu akasema kama watu. Mama ambaye hajakaa darasani aliipanga sarufi yake vizuri, na mimi mwenye cheti cha semina ndiye niliyeichanganya.

Wenzangu, hili si suala la mapambo ya lugha. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mtu mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi lake la kijamii au maoni yake ya siasa. Penye kuteswa lazima awepo mtesi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, uliupanua mlango: unamtambua pia aliyekimbia uvamizi kutoka nje, nchi kukaliwa, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma. Ona, kuvuruga kumo mpaka ndani ya sheria. Mkataba wa kwanza unakuuliza: nani, na kwa nini wewe? Wa pili uko tayari kuuliza: maji yalikuwaje kule?

Warundi walioingia Tanzania mwaka 2015 walipokelewa kwa kundi, bila kila mmoja kudaiwa habari yake peke yake. Mwanzoni mwa 2017 utaratibu huo ukasitishwa, na waliofika baadaye wakaanza kuhojiwa mmoja mmoja. Hapo neno la jumla likaacha kutosha. Ukikaa mbele ya meza ile na kusema "kulikuwa na machafuko", umesema kweli, lakini umejiacha nje ya habari yako mwenyewe.

Sasa niusikilize upande wa pili, maana yuko bibi mmoja Mrundi katika kundi letu la kusoma ambaye alinipinga mbele ya wote. "Mwanangu," aliniambia, "ukungu nao ni nguo." Jirani yake wa bomba ni wa upande mwingine. Wajukuu wao wanacheza mpira mmoja wa mifuko ya plastiki. Jarida hili linasomwa na wote. Akiandika fulani alifanya hivi, kesho atateka maji na nani? Nilitafuta jibu, sikulipata upesi.

Bibi huyohuyo akanipa mfano: Ikiza. Kwa Kirundi ni balaa, janga linaloangukia watu. Ndani yake hamna mtu. Lakini Mrundi wa umri wake akisema Ikiza, anasema mwaka 1972, anasema mauaji yaliyowakimbiza watu wengi hadi Tanzania, ambako katika miaka ya 1970 yalianzishwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Neno lenyewe ni ukungu, lakini kila aliyemo ndani yake anaijua njia. Hawahitaji kutajiana.

Nilikubali nusu. Nusu nyingine ni wajukuu. Wao wamezaliwa kambini. Wakisikia ikiza wanasikia balaa tu, kama mafuriko au kipindupindu. Neno la ukungu linafanya kazi maadamu aliyeona bado yu hai na ameketi karibu. Akiondoka, unabaki ukungu.

Wala si sisi wakimbizi peke yetu tunaovaa nguo hiyo. Yaliyowapata Wakenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kwa Kiswahili utasikia yakiitwa mara ghasia za baada ya uchaguzi, mara vurugu, mara machafuko. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Ghasia, lile neno la kughasi, na vifo 1,133 ndani yake. Sisemi walioandika walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka, na mwenye haraka huokota neno lililo karibu. Sisi tunaoandika chini ya turubai hatuna haraka hiyo. Muda ndio kitu pekee tulichogawiwa kwa wingi.

Jibu la bibi nililipata kwa mtoto. Insha iliyonifundisha zaidi katika toleo hili ni ya binti wa kidato cha pili, ukurasa mmoja na nusu. Hamna neno vita ndani yake, wala machafuko. Anasimulia asubuhi ambayo mama yake alisonga ugali kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo kwao hawapiki kamwe. Mwalimu hakuja shuleni. Baba alifukia redio nyuma ya choo. Jirani aliyekuwa akiwakopesha chumvi alipita mbele ya mlango wao, akawaona, hakusalimia. Jioni jirani huyo alirudi, na hakuwa peke yake.

Binti hakutaja kabila la jirani, wala chama chake, wala jina. Ametaja alichofanya: alipita, hakusalimia, akarudi na wenzake. Niliisoma kwa sauti kwenye kundi letu. Bibi alitikisa kichwa taratibu mpaka mwisho. "Huyu amevaa nguo," akasema, "na bado anaonekana." Tangu siku ile hatujagombana tena juu ya ukungu.

Insha hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mwishoni binti aliongeza: "Kwa ufupi, hali ilikuwa tete." Nilimwomba aifute sentensi hiyo. Akanikazia macho: "Lakini mwalimu, si wewe ulisema tutafute maneno mengine?" Ndivyo nilivyosema, ni kweli. Ameifuta, na mimi nimefuta lile somo.

Kwa hiyo kwa waandishi wenzangu nina ombi dogo. Kabla hujabadilisha neno kwa kisawe chake, jiulize nani, alifanya nini, na nani aliona. Kama ulikuwa ni upepo, iache k mahali pake. Si kila baya lina mtu. Kama ni mtu na unaweza kumtaja bila kumhatarisha yeyote, mtaje. Kama huwezi, basi taja mkono wake ulifanya nini. Na kama neno sahihi ni "vita", liandike hata mara kumi. Msomaji hatachoka. Anachochoka ni kutoona.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika, mnaotusoma na kutusikiliza: mtu akikuambia kulikuwa na fujo, au usalama mdogo, au mambo iliharibika, usikimbilie kisanduku cha fomu kinachofanana na neno hilo. Muulize, "Mambo gani, mama?" kisha ungoje. Mtazame na mkono. Na wewe mkalimani, ukikutana na neno usilolijua kwao hata kama unalijua kwenu, simamisha mahojiano uulize. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi yangu bado ninayo.

Yule kijana niliyeanza naye ameandika insha yake upya. Ameondoa vurugu, ghasia na machafuko, na mahali pake ameweka sentensi nne fupi kuhusu kaka yake, viatu vyake vilivyobaki mlangoni, na sauti iliyomwita kwa jina lake la nyumbani. Utaisoma katika kurasa zinazofuata. Sintofahamu imebaki mara moja tu, karibu na mwisho, pale mama yao anapouliza kwa nini walimchagua yeye na si mwingine. Nilitaka kuikata na hiyo. Nikaisoma mara ya pili, nikaiacha.